Kung'amua na Kujiandaa kwa Ushemasi wa Kudumu: Mwongozo kwa Mwanamume Mkatoliki na Mke Wake

Mwanamume mwenye mke, watoto na kazi yake ya kila siku anaweza kupewa daraja takatifu katika Kanisa Katoliki. Waamini wengi wa Afrika Mashariki hawalijui hilo, na si kosa lao. Shemasi waliyezoea kumwona ni frateri aliyemaliza seminari kuu, anayetumwa parokiani kwa miezi kadhaa kisha anapewa upadre. Huyo ni shemasi wa mpito. Shemasi wa kudumu hupewa daraja hiyohiyo, kwa kuwekewa mikono na askofu vilevile, ila haendi zaidi ya hapo. Anabaki shemasi hadi kufa, na wengi wa aina hii wana ndoa na ajira zao.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanamume anayehisi anaitwa huko, na kwa ajili ya mke wake, kwa sababu bila yeye safari haianzi.

Kwanza, ujue unachokiomba

Chimbuko la huduma hii linaonekana katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na Mitume wakawawekea mikono watu saba, akiwamo Stefano na Filipo. Kanisa la karne za mwanzo liliwategemea sana mashemasi. Laurenti aliyeuawa Roma mwaka 258 alikuwa shemasi, na Efrem wa Siria, mtunzi mkubwa wa tenzi za sifa, alikuwa shemasi. Baadaye, katika Kanisa la Magharibi, ushemasi ukageuka taratibu kuwa ngazi ya kupitia tu kuelekea upadre, ukabaki hivyo kwa karne nyingi.

Mawazo ya kuurudisha yalipata nguvu mahali pasipotarajiwa: mapadre wa Kijerumani waliofungwa katika kambi ya mateso ya Dachau, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliyajadili humo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali katika hati ya Mwanga wa Mataifa, namba 29, mwaka 1964. Papa Paulo VI akatoa kanuni za utekelezaji mwezi Juni 1967, na mwaka uliofuata wanaume wa kwanza walipewa daraja huko Cologne, Ujerumani. Leo mashemasi wa kudumu duniani ni makumi ya maelfu, lakini karibu wote wako Amerika na Ulaya.

Afrika ilifuata njia nyingine. Maaskofu wengi waliwategemea makatekista, walimu wa dini wasio na daraja, ambao ndio walioijenga imani vijijini. Kinshasa, katika miaka ya 1970, Kardinali Joseph Malula aliwakabidhi walei (waamini wasio na daraja) waliooa uongozi wa parokia, wakaitwa bakambi, bila kuwapa daraja yoyote. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayetaka ushemasi lazima ajibu swali ambalo Mjerumani au Mmarekani huenda asiulizwe: kwa nini usiwe katekista tu?

Lipe swali hilo uzito. Fikiria kigango, kanisa dogo la mbali na makao ya parokia, ambako padre anafika mara moja kwa mwezi. Katekista mwema huongoza ibada ya Jumapili pale, hufundisha watoto wa komunyo ya kwanza na hufariji wafiwa. Shemasi akiwapo, hubatiza kwa adhimisho rasmi, hushuhudia na kubariki ndoa kwa niaba ya Kanisa akikaimishwa na paroko au askofu, husoma Injili na kuhubiri hata ndani ya Misa, huongoza mazishi, hubariki watu kwa Sakramenti Takatifu, na hupeleka Komunyo kwa walio katika hatari ya kufa. Haadhimishi Misa. Hasikilizi maungamo. Hatoi Mpako wa Wagonjwa. Ukijikuta unatamani hasa hayo matatu asiyoweza kuyafanya, wito wako huenda ni wa namna nyingine, na ukiwa hujaoa zungumza na mkurugenzi wa miito kuhusu upadre.

Nasisitiza jambo moja kwa sababu linaharibu waombaji wengi: ushemasi si cheo cha kumpandisha katekista aliyetumikia muda mrefu. Katekista bora anaweza kubaki katekista hadi uzeeni bila kupungukiwa na kitu. Mtaguso unasema shemasi huwekewa mikono kwa ajili ya huduma, na huduma hiyo ina sehemu tatu: Neno, liturujia na upendo. Watu huona ile ya altareni. Ile ya tatu, ya maskini, wagonjwa, wafungwa na wajane, ndiyo iliyofanya wale saba wachaguliwe.

Masharti yasiyobishaniwa

Yapitie mapema ili usipoteze miaka. Uwe mwanamume aliyebatizwa na kupata kipaimara. Kama umeoa, sheria ya Kanisa (kanuni ya 1031) inataka uwe umetimiza angalau miaka 35, na mke wako akubali. Kama hujaoa, angalau miaka 25, nawe utaahidi useja wa maisha yote. Baraza la maaskofu linaweza kupandisha umri huo.

Ndoa yako iwe ya Kanisa. Kama mliishi kwa ndoa ya kimila au ya bomani na bado hamjafunga kanisani, anza hapo, tena kwa ajili ya ndoa yenyewe, kisha muishi pamoja miaka ya kutosha. Kanisa hutaka kuona familia iliyotulia kwa muda mrefu. Yapo pia mambo yanayozuia daraja, kama kuua kwa makusudi, kushiriki kutoa mimba, au kuasi imani hadharani. Mengine huweza kuondolewa na mamlaka ya Kanisa, lakini lazima yasemwe. Mtu asiyafiche akitumaini kwamba hayatajulikana.

Kusikiliza kabla ya kuomba

Jipe walau mwaka mmoja wa kusikiliza kabla ya kuandika barua yoyote. Huo ni ushauri wangu, na sipendi kuupunguza.

Mtafute kiongozi wa kiroho, padre au mtawa aliyekomaa, ambaye si rafiki yako wa kusifiana. Onana naye kila mwezi. Usimpelekee hotuba kuhusu wito. Mweleze maisha: unavyosali unapochoka, unavyozungumza na mkeo mkigombana, fedha zinapokwenda, kinachokukasirisha. Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo sifa za mashemasi (1 Tim 3:8–13), hataji ufasaha wala kisomo. Anataja kutokuwa na kauli mbili, kutozoea pombe, kutotamani faida ya aibu, na kuisimamia vizuri nyumba yako. Zisome sifa hizo taratibu na mkeo, umwombe akuambie ni ipi inakupungukia. Kisha nyamaza, usijitetee.

Ndoto ya usiku, unabii ulioambiwa kwenye mkesha, au machozi wakati wa kuabudu Ekaristi, vyote vinaweza kuwa mwanzo wa kitu. Havitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni huu: nani anahudumiwa na wewe sasa hivi, kabla hujavaa chochote? Kama jumuiya yako ndogo ndogo inakujua kwa kukusanya michango ya mgonjwa, kwa kumpeleka bibi kizee zahanati, kwa kukaa msibani hadi watu wote waondoke, mbegu ipo. Kama unajulikana kwa kuchukua kipaza sauti, anza upya. Chagua huduma moja isiyo na jukwaa, kwa mfano kutembelea gereza na kikundi cha parokia au kuosha wagonjwa wasio na ndugu, uifanye mwaka mzima bila kuitangaza. Baada ya hapo jiulize kama hamu ya ushemasi imeongezeka au imefifia.

Angalia pia nia zako kwa ukweli. Katika parokia zetu heshima ya altare ni kubwa, na anayeipanda hupewa kiti cha mbele, soda ya kwanza na neno la mwisho kwenye vikao. Mwanamume aliyekosa heshima kazini au ukweni anaweza kuitafuta kanisani bila hata kujua. Anayemtakia mema atamwambia mapema.

Mke

Sheria inamtaka mke atoe idhini yake kwa maandishi. Waombaji wengine huichukulia kama sahihi ya kwenye fomu ya mkopo: inapatikana jioni moja, mambo yanaendelea. Hapo ndipo mashaka yangu makubwa yalipo, na naomba tukae hapa kidogo.

Anza na muda. Shemasi anahitajika Jumamosi kwenye ndoa na mazishi, Jumapili kwenye Misa, na siku za juma kwa mafundisho. Hizo ndizo saa ambazo mke na watoto walikuwa wanakupata. Kaeni na kalenda ya kawaida ya mwezi, mwandike ndani yake kazi, shamba, vikao vya jumuiya, vya UWAKA (chama cha wanaume Wakatoliki) na WAWATA (cha wanawake Wakatoliki), michezo ya watoto, safari za kwenda kwa wazazi. Halafu mtie ushemasi. Mtaona wenyewe kitakachotoka.

Fedha nazo zisemwe waziwazi. Shemasi mwenye kazi ya kiraia hujitegemea yeye na familia yake kwa kipato chake (kanuni ya 281), na parokia haitamlipa mshahara. Kuna nauli, vitabu, ada za masomo katika majimbo mengine, na wageni watakaoanza kubisha hodi usiku wakisema shemasi hawezi kumfukuza mtu. Jikoni nani atahudumia hao wageni? Mkeo. Aulizwe.

Kisha kifo. Shemasi akifiwa na mke haruhusiwi kuoa tena. Daraja yenyewe ni kizuizi cha ndoa (kanuni ya 1087), na kizuizi hicho kinaweza kuondolewa na Kiti Kitakatifu tu, kwa sababu nzito. Kwetu jambo hili lina uchungu wake. Mwanamume akifiwa akiwa na watoto wadogo, arobaini haijapita vizuri kabla shangazi hawajaanza kumtafutia msichana, na wanafanya hivyo kwa upendo, kwa kuwa wanaona watoto wanahitaji mama. Kwa hiyo zungumzeni, ninyi wawili: ukitangulia wewe mke wangu, watoto hawa watalelewa na nani? Mkishajibu, wazazi na ndugu wa karibu wajulishwe kabla ya daraja, wajue kwamba kijana wao hataweza kufuata ushauri huo hata wakimlilia. Ni mazungumzo magumu, na wengine huona ni kuita mkosi. Lakini ahadi isiyotamkwa nyumbani haiwezi kushikiliwa madhabahuni. Mke kwa upande wake hafungwi hivyo. Mume akifa yuko huru kuolewa.

Mkumbuke pia kwamba mke hapewi daraja, na asibebeshwe cheo. Atakuwa na kazi yake, chama chake na maoni yake. Watu wataanza kumwita mama shemasi na kumpima kwa nguo zake, watamletea malalamiko ya kumfikishia mumewe, watashangaa akikosa kikao. Paroko mwenye busara humlinda mapema kwa kuwaambia waamini hivyo.

Akisema hapana, ni hapana. Usimpelekee wazee wamsihi, usimletee padre amshawishi, usimwambie anamzuia Mungu. Wito wa ndoa ulitangulia na bado unakudai. Akisema "bado," subiri. Watoto wakikua majibu hubadilika mara nyingi, na yakibaki vilevile umepoteza nini? Altare ya nyumbani bado unayo.

Kubisha hodi

Sasa nenda kwa paroko. Yeye ndiye anayekufahamu, na kwa kawaida ndiye atakayekupendekeza kwa askofu. Usimruke kwa kupitia padre rafiki wa makao makuu ya jimbo.

Muulize swali moja la msingi: jimbo letu lina utaratibu wa ushemasi wa kudumu? Mtaguso uliacha uamuzi kwa mabaraza ya maaskofu, kwa kibali cha Papa, na hata baraza likikubali, kila askofu huamua kama jimbo lake linahitaji. Majimbo mengi ya ukanda wetu hayana programu. Hilo likiwa jibu, unaweza kumwandikia askofu barua fupi ya heshima kumweleza unachohisi, ibaki katika kumbukumbu zake, nawe uendelee na ukatekista, usomaji, au huduma ya Komunyo kwa wagonjwa. Usihamie jimbo la jirani kwa ajili ya kutafuta daraja. Askofu wa huko atauliza kwa nini umekuja, na itakuwa haki yake.

Kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili walioko Marekani, Canada au Ulaya, hali ni tofauti. Majimbo mengi huko yana ofisi ya mashemasi, na Marekani malezi kwa kawaida huchukua miaka minne au mitano, kuanzia kipindi cha uombaji. Jumuiya za Wakongo na Warundi waliofika huko kama wakimbizi zinahitaji sana watu wanaoweza kuhubiri na kufariji kwa lugha wanayosali nayo. Ila fahamu kwamba kwa kupewa ushemasi unaandikwa rasmi kuwa mkleri (mtumishi mwenye daraja) wa jimbo hilo. Ukihama baadaye kwa sababu ya kazi, huwi shemasi wa popote utakapo. Maaskofu wawili lazima wakubaliane.

Askofu akikukubali uanze, kusanya hati mapema: cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, cha kipaimara, cha ndoa, barua ya idhini ya mke, vyeti vya shule, barua ya paroko, na mara nyingi cheti cha daktari na cha polisi. Cheti cha ubatizo kutoka parokia ya mbali huchukua muda. Tuma kijana wa ukoo akakifuatilie kwenye daftari lenyewe.

Malezi

Kanisa linadai angalau miaka mitatu ya malezi (kanuni ya 236). Mwongozo uliotolewa na Vatikano mwaka 1998 unataka kipindi cha utangulizi kwanza, kisha masomo yasiyopungua saa 1,000. Ni Maandiko Matakatifu, mafundisho ya imani, maadili, liturujia, sheria za Kanisa, historia, na namna ya kuhubiri. Malezi yenyewe yana pande nne: utu, maisha ya kiroho, elimu na uchungaji. Wanaume wazima hufeli mara nyingi kwenye ule wa kwanza, kwa sababu wanadhani umri umeshamaliza kuwalea.

Katikati ya safari kuna hatua zinazoadhimishwa kanisani. Unaomba kwa mkono wako kuandikwa miongoni mwa watarajiwa wa daraja. Unapewa huduma ya usomaji, baadaye ya utumishi wa altareni, na kati ya utumishi huo na ushemasi lazima ipite angalau miezi sita (kanuni ya 1035).

Kwa mtu mwenye kazi, masomo yanawezekana ukiyapangia saa ileile kila siku. Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, hufaa wengi kuliko usiku. Anza pia Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, sehemu za sala rasmi ya Kanisa ya kila siku. Mashemasi wa kudumu husali sehemu ya Sala ya Kanisa iliyopangwa na baraza lao la maaskofu, na ni vigumu kuizoea ghafla baada ya daraja. Msali Masifu ya Jioni pamoja na mkeo siku anazopenda, watoto wakae au wapite.

Kuhubiri kunahitaji kazi zaidi ya unavyodhani. Andika mahubiri ya dakika kumi juu ya Injili ya Jumapili inayofuata, usome kwa sauti mbele ya mtu wa rika la bibi yako na kijana wa sekondari. Waulize walisikia nini. Wakitaja kitu tofauti na ulichokusudia, andika upya. Ukae na Injili siku kadhaa kabla ya kutafuta mifano, na usitumie mimbari kumjibu mtu aliyekuudhi.

Wake waalikwe kwenye sehemu ya malezi inayowahusu. Jimbo lisilowaalika, waombaji waliombe hilo kwa pamoja.

Miezi ya mwisho na siku yenyewe

Utaandika kwa mkono wako tamko kwamba unapokea daraja kwa hiari na utatumikia maisha yote (kanuni ya 1036). Majina yatatangazwa kanisani, na waamini wanaojua kizuizi wana wajibu wa kukisema. Usione vibaya, ndivyo Kanisa linavyowalinda. Utafanya mafungo ya siku tano angalau. Nenda kweli, simu ibaki nyumbani.

Bajeti ya sherehe nayo iandaliwe kwa kiasi. Kamati za michango zikishaundwa ni vigumu kuzizuia, na haifai mtumishi wa maskini aanze huduma akiwa na deni la maturubai.

Siku hiyo utaahidi utii kwa askofu, utalala kifudifudi wakati Litania ya Watakatifu inaimbwa, askofu peke yake atakuwekea mikono kimya, kisha sala. Utavishwa stola, kitambaa kirefu cha huduma, ikipita bega la kushoto, na dalmatika, vazi la nje la shemasi, juu yake. Mahali pengine mke ndiye anayeleta mavazi hayo. Askofu atakukabidhi kitabu cha Injili, akikuagiza uamini unachosoma, ufundishe unachoamini, utende unachofundisha.

Baada ya daraja

Omba barua ya uteuzi inayotaja parokia, kazi na mipaka yake. Keti na paroko mpange siku zako, ikiwamo Jumapili moja au mbili ambazo utakaa kwenye benchi na familia yako. Kazi yako ya kiraia itaendelea. Sheria ya jumla haimkatazi shemasi wa kudumu biashara wala utumishi wa umma (kanuni ya 288), lakini jimbo linaweza kuweka masharti, hasa katika siasa, kwa hiyo mwulize askofu kabla ya kugombea hata uenyekiti wa kijiji. Katika michango ya msiba na harusi, fedha zishikwe na mwingine. Endelea kumwona kiongozi wa kiroho kila mwezi, na ile huduma isiyo na jukwaa uliyoianza kabla ya yote, ya gereza au ya wagonjwa wasio na ndugu, usimwachie mtu mwingine. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, keti tena na mkeo na ile kalenda ya mwezi, umwachie yeye kalamu.